Jagi Lililoachwa Mlangoni

Polisi wa Kyela wamezoea vielelezo vinavyoeleweka. Panga, gunia la bangi, pikipiki iliyofutwa namba ya chesisi: unabandika lebo, unaweka stoo, unaendelea na shughuli nyingine. Kielelezo kilicholala juu ya meza ya Mkaguzi Msaidizi Keziya Mwasomola asubuhi ya Jumatatu hiyo kilikuwa mpira mweusi wenye urefu wa mita moja na nusu, mwembamba kama kidole, wenye usukani mdogo upande mmoja na jicho la kioo upande wa pili. Konstebo Eliya, aliyepewa kazi ya kuandika lebo, alihangaika nayo robo saa nzima, mwishowe akaandika: "Mpira wa kuchungulia tumbo, mmoja." Madaktari wanauita endoskopu. Wagonjwa wa Kyela husema tu wameingizwa kamera, na wakisema hivyo huangalia chini.

Mpira huo ndio uliokuwa ndani ya Mzee Anangisye dakika aliyopasuka. Alikuwa mkulima wa mpunga na kokoa kutoka Ndandalo, mwenye miaka sitini na minne, aliyefiwa na mke, mzee wa kanisa, mtu aliyeheshimiwa mpaka na waliokuwa hawampendi. Jumatano iliyopita alilazwa hospitalini ili aondolewe kinyama kilichoota kwenye utumbo mpana. Daktari alikiona kinyama, akakizungushia kitanzi cha waya, akakanyaga pedali ya umeme ili akikate. Kilichofuata kilisikiwa na watu wanne waliokuwemo chumbani: mlio mzito ndani ya tumbo la mgonjwa, kisha tumbo likapanda. Walimkimbiza kwenye upasuaji wakakuta utumbo umechanika mahali pawili. Saa kumi jioni alikata roho.

Ukoo ulitaka mtu wa kumbebesha msalaba huo, na mtu alikuwepo. Ambrose, fundi wa vifaa tiba wa hospitali hiyo, ndiye aliyeibadilisha ncha ya mpira ule kwa mikono yake. Kibali cha majaribio alikuwa nacho, chenye mihuri yote, lakini mihuri haijawahi kumzuia mtu mwenye jiwe mkononi. Jumamosi alikamatwa, nusu kwa tuhuma, nusu ili ndugu wa marehemu wasimuue. Kesho saa tatu angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Mkuu wa upelelezi wa wilaya, Gwamaka, aliona kazi imekwisha.

"Mpira mzima haujaua mtu," alimwambia Keziya. "Uliochokonolewa ndio umeua. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta kilicholipuka, afande."

"Si huo hapo mezani?"

"Huo haujalipuka. Angalia, hauna hata mkwaruzo."

Gwamaka aliuangalia kwa mbali, kama mtu anayeangalia nyoka anayeambiwa kafa. Akampa mpaka jioni. Keziya alikuwa na tabia moja iliyomchelewesha kupanda cheo, nayo ni kutofunga jalada asilolielewa. Alikuwa na miaka kumi na minne kazini, na nyota zake zilikuwa chache kuliko za aliowafundisha kazi.

Alimtoa Ambrose mahabusu akamketisha mbele ya kielelezo. Siku mbili za mahabusu zilikuwa zimemkunja shati na kumkausha midomo, lakini alipouona mpira wake mikono ilimtulia. Keziya alimwambia amweleze kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu, maana hajui kitu. Naye akaeleza.

Utumbo mpana, alisema, una makunjo mengi ndani yake. Jicho la mpira wa kawaida linaangalia mbele tu, kwa hiyo kinyama kikiota nyuma ya kunjo linakipita bila kukiona. Na hata kikionekana, shida haijaisha. Vinyama vingine vimelala bapa, kitanzi kinateleza. Daktari ana tundu moja tu la kupitishia kifaa, ina maana anakata kwa mkono mmoja bila mkono wa pili wa kushikilia. Akivuta sana anachana, akichoma sana anatoboa. Basi yeye Ambrose alitengeneza kikofia cha plastiki angavu kinachoyafungua makunjo kikipita, na pembeni akaongeza mrija mwembamba wenye koleo dogo. Koleo linakinyanyua kinyama kutoka ukutani, kitanzi kinakata shingo yake, na moto wa umeme haufiki kwenye ukuta wa utumbo. Wagonjwa kumi na mmoja walikwisha hudumiwa kwa ncha hiyo, na wote walirudi makwao kwa miguu yao. Wengine tisa walikuwa wanasubiri.

"Nani alikutuma?" Keziya aliuliza.

"Hakuna. Mama yangu alikuwa nacho kinyama kama hicho. Walikiona, wakashindwa kukishika, wakamwambia arudi baadaye. Baadaye ilikuwa saratani."

"Daktari Ezra, aliyekuwa akikata siku ile, ameandika kwamba umeme ulivuja kupitia koleo lako."

Ambrose aliinua macho kutoka kwenye mpira. Ilimuuma, na hakuficha kwamba ilimuuma, maana Ezra ndiye aliyekuwa amekaa naye mwaka mzima na nusu wakipanga kila milimita ya kifaa kile.

"Basi pimeni," alisema. "Mimi msiniamini. Pimeni."

Saa nne Keziya alikuwa buchani pale sokoni akinunua mita tatu za utumbo wa ng'ombe. Muuza nyama alimuuliza kama siku hizi polisi wanapika supu ya ushahidi. Alilipa, akaondoka. Saa tano walikuwa hospitalini, chumba kilekile, mashine ileile ya umeme, kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye daftari la siku ile. Ambrose alikaa kwenye kiti akiwa na pingu, Eliya nyuma yake. Daktari Ezra, mtu mnene mwenye macho ya kukosa usingizi, aliingia akavaa glovu bila kumwangalia fundi wake.

Alikanyaga pedali mara ishirini. Mara ishirini koleo lilinyanyua kikunjo cha utumbo ule, kitanzi kikakata, kikatoka kimoshi chembamba na harufu ya nyama ya kuchoma ambayo hakuna aliyeitamani. Keziya alitia maji ndani ya ule utumbo, akafunga ncha zote mbili kwa kamba, akaukamua taratibu mkononi. Hakikutoka hata tone. Aliushika tena, akaugeuza, akauangalia kwa tochi inchi kwa inchi, kisha akaandika: hakuna tundu, hakuna kuungua nje ya shingo.

"Daktari, utumbo huu una tofauti gani na wa marehemu?"

Ezra alivua glovu moja. Ilionekana wazi kwamba jibu alikuwa nalo tangu Jumatano na kwamba halikumpendeza.

"Huu hauna hewa," alisema. "Utumbo wa mtu aliye hai una hewa, na ipo ya aina inayoshika moto. Imewahi kutokea duniani, mara chache sana. Lakini ndiyo maana tunawapa dawa ya kusafisha tumbo, ile hewa itoke pamoja na uchafu. Na huyu alikuwa safi. Njoo uone."

Akawasha picha zilizorekodiwa siku ile. Keziya aliuona utumbo wa Mzee Anangisye kutoka ndani, wa waridi, unang'aa kama sahani iliyooshwa, na kinyama kimekaa pembeni mwake kama uyoga. Halafu koleo, kitanzi, mwanga mweupe, giza. Ezra alizima kabla ya giza kwisha.

"Macho yanaona uchafu," Ambrose alisema kutoka kwenye kiti chake, na ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kusemezana tangu kifo. "Hewa hayaioni. Daktari, mgonjwa alikunywa nini?"

"Alikunywa dawa. Lita nne."

"Na nini?"

Ambrose alimgeukia Keziya. Ile dawa ni unga, alieleza, unakorogwa kwa maji matupu. Mtu akiukoroga kwa kitu kitamu, unga utafanya kazi yake na tumbo litasafika vizuri, lakini ule utamu utabaki nyuma ukiwalisha wadudu wanaoishi utumboni, nao wakishiba wanatoa hewa inayowaka kama gesi ya kupikia. Ndiyo maana karatasi ya maelekezo inakataza. Na ndiyo maana mchoro wake wa pili wa ncha ile ulikuwa na kimrija cha kupitisha hewa isiyoshika moto badala ya hewa ya kawaida. Aliomba mtungi wa hewa hiyo mwezi wa tatu, akaambiwa asubiri. Alisema hayo bila kumlaumu mtu, na Ezra, ambaye ndiye aliyemwambia asubiri, alikaa chini kwenye kitanda cha mgonjwa.

Keziya alianza na dawa yenyewe. Kwenye stoo ya hospitali alikuta boksi ambamo pakiti za Mzee Anangisye zilitoka. Wagonjwa wengine watano walikuwa wamekunywa kutoka boksi hilohilo wiki ileile, na wote walikuwa wazima. Dawa haikuwa na kosa. Akachukua pakiti moja, akasaini. Kisha akaomba daftari la mapokezi. Muuguzi alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kupendeza: Dawa, amemaliza. Kwa maji, ndiyo. Aliyejibu, mkamwana.

"Mgonjwa mwenyewe hukumuuliza?"

"Alikuwa amelala nyuma ya pazia, amechoka kwa kuendesha tumbo usiku kucha. Aliyemwandaa ni mke wa mwanawe. Nani angejua zaidi yake?"

Keziya alilisoma lile neno "mkamwana" mara ya pili. Yeye ni Mnyakyusa wa milimani, mkwe wa watu vilevile, na alijua jambo ambalo muuguzi huyo mgeni wa Pwani hakulijua. Aliita gari.

Ndandalo walifika saa tisa alasiri. Msiba ulikuwa bado haujavunjwa; wanaume walikaa kwenye mabenchi upande wa barabara, wanawake upande wa jikoni, na sufuria la wali lilikuwa jikoni. Keziya alisalimia, "Mwagonile," wakaitikia, "Ndaga," kwa sauti za watu wasiofurahishwa. Aliyesimama kumpokea alikuwa Dickson, mdogo wake marehemu, mwembamba, mrefu, mwenye koti la msiba lililompwaya.

"Umemleta yule fundi?"

"Sijamleta, tata," alisema, kama mtu amwitavyo baba. "Nimekuja kuuliza."

"Maswali yaulizwe mahakamani."

"Mahakamani wataniuliza mimi. Nani alimpa kaka yako dawa ya tumbo?"

"Mke wa Erasto. Erasto alikuwa Karonga, huko Malawi, kwenye biashara zake, mimi nilikuwa shambani navuna."

"Alimpaje?"

Dickson alimwangalia kama mtu anayepimwa akili. "Si unajua. Aliweka mlangoni."

Keziya alijua. Nyumba nyingi za Kyela zimekwisha kulegeza mambo haya, na makanisa yamehubiri, lakini Mzee Anangisye aliyeshika Biblia kwa mkono wa kulia alishika mila kwa wa kushoto, na hakuona kama inamlemea. Mkamwana haonani na baba mkwe uso kwa uso. Hasemi naye. Akimwona anakuja njiani anaingia kwenye migomba mpaka apite. Chakula chake hukiweka mlangoni, hukohoa, huondoka. Ni heshima, na wanaoishi ndani yake hawaiiti kwa jina jingine. Kwa hiyo mtu pekee aliyekuwa nyumbani kumtunza mgonjwa usiku ule alikuwa mtu pekee asiyeruhusiwa kumtazama.

Nyumba ya marehemu ilikuwa ya vyumba viwili, imefungwa tangu Jumatano, na ufunguo alikuwa nao Dickson. Keziya aliomba waingie wote wawili ili asije akaambiwa ameweka kitu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Miwani, Biblia ya Kinyakyusa, kandambili. Dirishani kulikuwa na jagi la plastiki la kijani, na kijiko ndani yake. Kutoka kwenye ukingo wa dirisha mpaka ndani ya jagi ulikwenda mstari mwembamba mweusi, nao ulikuwa unatembea.

"Sisimizi," alisema Dickson. "Nyumba ikifungwa huingia."

"Wanafuata nini?"

"Sisimizi wanafuata utamu, mama. Hilo nalo ni swali?"

"Hii dawa haina utamu. Ina chumvi. Ngoja."

Alitoka na jagi, akalishika kwa glovu. Aliomba maji ya kunywa. Mbele ya wanaume wote wa msiba akafungua ile pakiti ya hospitali, akakoroga unga kidogo kwa maji kwenye kizibo cha chupa, akakiweka chini karibu na njia ya sisimizi. Kwenye kizibo cha pili aliweka matone machache ya maji aliyosuuzia ndani ya jagi. Halafu akawaomba watu wakae, akaangalia saa. Wanaume waliona ni mchezo, mmoja akacheka kidogo, akanyamazishwa. Baada ya dakika kumi na moja kizibo cha kwanza kilikuwa hakina hata sisimizi mmoja. Cha pili kilikuwa kimejaa weusi mpaka ukingoni.

Dickson aliinama akavitazama kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga.

"Nioneshe mnapovundikia kokoa," Keziya alisema.

Ilikuwa nyuma ya nyumba ileile, hatua kumi kutoka dirishani. Masanduku matatu ya mbao chini ya kibanda, yamefunikwa majani ya migomba, mbegu ndani yake zikichachuka. Chini ya kila sanduku kulikuwa na mwanzi uliopasuliwa, ukichuruzisha maji ya kokoa kwenye ndoo. Maji hayo hutoka mepesi, ya rangi ya chai ya rangi iliyopoa, matamu kwelikweli. Kikombe cha kibuyu kilining'inia kwenye nguzo.

"Alikuwa anayanywa?"

"Tangu utoto. Sisi wote. Hayo si pombe, ni maji tu ya kokoa."

"Na ile dawa, alisemaje juu yake?"

"Alisema inanuka bahari ambayo hajawahi kuiona." Dickson alikatisha maneno ghafla. Kisha akasema polepole, "Hakuna aliyemwona akichanganya."

Hapo alisema kweli, na Keziya alijua. Wakili yeyote angesema sisimizi hawaapi mahakamani. Angesema jagi lilikaa siku tano, nani anajua kilichotiwa humo baadaye. Bila mtu wa kusema kilichotokea usiku ule, vizibo viwili vya chupa visingemtoa Ambrose mahabusu. Akaomba azungumze na mke wa Erasto.

Tulinagwe alikuwa nyuma ya jiko anachambua mchele, mwanamke wa miaka thelathini hivi, amejifunga kitenge cha msiba. Alipomwona afande alipangusa mikono na kupiga magoti kidogo kwa heshima. Keziya alivuta kigoda. Ukuta wa jiko ulikuwa wa mabanzi, na upande wa pili wake wanaume walikuwa wamehamia karibu. Kwamba wanasikiliza, wote wawili walijua. Keziya angeweza kumpeleka kituoni, lakini kituo kilikuwa mbali na Tulinagwe alikuwa na mtoto wa kunyonyesha, na ukweli ni kwamba hakupenda kuahirisha. Baadaye alijilaumu kwa hilo.

Alimweleza kwanza yaliyokwisha kugunduliwa. Akamwambia pia, bila kumung'unya maneno, kwamba kisheria hana kosa la kuogopa, lakini ya ukoo yeye hawezi kumwahidi kitu. Tulinagwe alisikiliza huku akiokota mawe kwenye ungo.

"Yule fundi anapelekwa lini?" aliuliza.

"Kesho saa tatu."

"Alikuja kitandani siku ile. Alitusalimia. Alimweleza mwenye nyumba jinsi kile kifaa kinavyoshika, akamwambia asiogope." Akaweka ungo chini. "Uliza, mama."

"Ulifanyaje na dawa?"

"Nilichemsha maji, nikayapoza, nikajaza jagi. Unga niliweka pembeni kwenye pakiti, na karatasi juu yake. Nikakohoa, nikaenda nyuma ya jiko hapa."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia maji yanamwagwa kwenye migomba."

"Halafu?"

"Kijiko kinagonga jagi. Lakini hakikuwa mlangoni. Kilikuwa kule kwenye masanduku." Alionesha kwa kidevu. "Majagi manne. Yote manne alikwenda kule."

Upande wa pili wa mabanzi benchi lililia.

"Karatasi uliisoma?"

"Niliisoma yote."

"Inasemaje?"

"Usichanganye na juisi wala kitu chochote kitamu."

"Kwa nini hukumwambia?"

Tulinagwe alimtazama Keziya kwa mshangao wa kweli, maana aliyemuuliza alikuwa mtu wa nyumbani. "Kwa mdomo gani, mama? Miaka tisa nimeolewa hapa. Sauti yangu haijawahi kumfikia. Nilitafuta mtu mzima wa kumtuma, hapakuwa na mtu. Nikasema, si juisi tu? Ataendesha, ataamka, yataisha."

"Na hospitali ulipoulizwa?"

"Alikuwa nyuma ya pazia, karibu kama wewe hapo. Ningesema hapana, ningekuwa namshtaki akisikia. Nikasema ndiyo." Hapo machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Neno moja tu. Nikasema ndiyo."

Keziya aliandika yote kwa mwandiko wa kusomeka, ukurasa mmoja na nusu, akamsomea. Alipofika mahali pa kumtaja aliyekunywa dawa aliacha kusoma. Kote Tulinagwe alikuwa amesema "mwenye nyumba", na Keziya alikuwa ameandika hivyohivyo kama sheria ya maelezo inavyotaka. Lakini maelezo yasiyotaja jina mahakama ingeyatupa. Mwenye nyumba anaweza kuwa mtu yeyote.

"Nahitaji umtaje," alisema. "Useme mwenyewe, mimi niandike."

Jina la baba mkwe halipiti mdomoni mwa mkamwana. Hata mwanawe wa pili, aliyepewa jina la babu yake kanisani mbele ya watu wote, Tulinagwe humwita Kaka tu. Tangu amzae hajawahi kumwita mtoto wake kwa jina lake. Mzee kufa hakubadilishi kitu. Labda kunazidisha, maana aliyekufa hawezi kusamehe. Erasto mumewe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi pamoja na wajomba, aliinama na kuangalia viatu vyake. Dickson alisimama akaja mpaka kwenye pembe ya jiko, ambapo angeonekana.

"Mke wa Erasto," alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Fikiria."

Alifikiria. Keziya hakumharakisha, aliona aibu kumharakisha. Kuku alipita kati yao akadonoa mchele uliomwagika, na hakuna aliyemfukuza.

"Anangisye," Tulinagwe alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayetaja mji wake. "Baba yake Erasto. Anangisye ndiye aliyechanganya, na mimi nilisikia."

Hakuna aliyepiga kelele. Wanawake walioshika mwiko na vikombe waliviweka chini. Dickson aligeuka akarudi kwenye mabenchi, akasema maneno machache ya Kinyakyusa, na wanaume wawili wakaondoka kuelekea nyumba ya Erasto. Keziya alielewa maneno hayo: mwanamke arudi kwao, watoto wabaki. Alimpa Tulinagwe kalamu, naye akasaini jina lake taratibu, herufi moja moja, kisha akamwuliza kama kwenye gari la polisi kuna nafasi ya mtu mmoja na watoto watatu mpaka kwao Ipinda.

"Ipo."

Tulinagwe aliingia ndani akatoka na mfuko wa rambo na mtoto mgongoni. Wale wakubwa wawili walikuwa wamekwisha kuchukuliwa upande wa wanaume, yule wa pili amekaa katikati ya magoti ya Dickson. Keziya alikwenda akasema alichotakiwa kusema: kwamba sheria ya mtoto ipo, kwamba ofisi ya ustawi wa jamii iko Kyela mjini, kwamba jambo hili halijaisha. Dickson alishukuru kwa neno moja, ndaga. Erasto hakuinua uso.

"Anangisye," mama yake alimwita mtoto, mara ya kwanza tangu amzae.

Mtoto hakugeuka. Hakujua kwamba ni yeye anayeitwa na mama yake. Eliya aliwasha gari, na Keziya akampigia simu Gwamaka kumweleza kwamba fundi anaweza kuachiwa.